Sio kila bastola ya zamani Tabora ni ya Stanley

Hapa Tabora ukionekana tu na kitu cha kale, hata kiwe kitasa cha mlango, kabla jua halijazama dalali kashafika na hadithi yake. Birika ni la Mjerumani, sarafu ni za Mjerumani, mwembe wenye alama unaonyesha ilikofukiwa dhahabu ya Mjerumani. Ikiwa bastola sasa, hiyo moja kwa moja ni ya Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, na kaachiwa babu yake fulani aliyekuwa mpagazi wake. Mi sikatai kwamba Stanley alipita hapa, alifika 1871, akakaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akajiingiza hadi kwenye vita ya Waarabu na Mirambo, akaenda Ujiji akamkuta Livingstone, na mwanzoni mwa 1872 wakarudi wote wawili Kwihara kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Ila msafara wake ulikuwa mmoja kati ya misafara mingi mno iliyopita mji huu karne ile, na hakuna msafara uliotembea bila silaha. Sasa kwa nini kila chuma chenye triga kiwe cha mtu mmoja?

Kazi yangu ni cherehani, vitasa na saa za ukutani, na nadhani ndo maana watu wananiletea kila chuma wasichokielewa. Safari hii ni mzee mmoja wa Ng'ambo, familia yao imekaa hapo tangu enzi za misafara, kanipigia simu anaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kuna kitu cha babu hapa nataka ukiangalie, ila usije na watu."

"Kama ni silaha mzee wangu, mi naomba mwenyekiti wa mtaa awepo na kituoni wawe na taarifa kabla sijaigusa."

"We naye! Chuma cha kutu hiki?"

"Hichohicho cha kutu mzee."

Alikasirika kidogo lakini akakubali, na mimi kwenye hilo sirudi nyuma. Bongo silaha ni silaha, tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na haiendi na hadithi za babu, halafu askari akikukuta na bastola kwenye mfuko wa rambo pale stendi hatakuuliza imetengenezwa karne gani.

Haya, tuje kwenye chuma chenyewe. Ni bastola ya fataki, yaani haitumii risasi ya ganda kama za siku hizi. Wanaojua gobore wataelewa haraka: unamimina baruti, unaweka goroli ya risasi, unashindilia, halafu nyuma unavisha kifataki cha shaba kwenye kichuchu, nyundo ikigonga fataki moto unapenya kwenye kichuchu unafika kwenye baruti. Tofauti ni kwamba hii ina silinda ya chemba 6, kila chemba na kichuchu chake, na chini ya mtutu kuna mdeki wake wenye bawaba wa kushindilia goroli, umefungwa hapohapo hauchomoki.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya chapa, kabla ya picha, kabla ya chochote: ina mzigo ndani au haina? Watu wanadhani baruti ya miaka 150 imekufa. Haijafa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu inawaka vilevile kama siku iliposagwa, na sisi wa Tabora tusingetakiwa kuambiwa hili maana Mtemi Isike wa Unyanyembe, ndo huku kwetu, alijilipua na ghala lake la baruti Januari 1893 Wajerumani walipomvunjia boma, kwa hiyo tunaijua baruti. Mtutu unaelekea ukutani, hakuna anayekaa mbele, nyundo haiguswi. Ukiangalia vichuchu nyuma utaona kama kuna kofia za shaba zimebaki, kama zipo usizibandue kwa kisu, simama hapohapo mwite askari. Hii haikuwa nazo. Halafu kwa pembeni, tochi ya simu ikimulika kwenye midomo ya chemba, nikachukua kijiti kikavu cha fagio nikapima kina cha kila chemba inayofikika na kuweka alama ya kucha. Tano zikalingana. Ya sita kijiti kiliishia njiani, wote tukanyamaza, mwenyekiti wa mtaa akasogeza kiti nyuma. Nikamulika vizuri, kumbe ni udongo, wale nyigu wanaojenga vijumba vya udongo kwenye matundu, kuna mmoja alijenga humo sijui mwaka gani. Hata hivyo sikuuchokonoa kwa nguvu, nilidondoshea matone ya maji pole pole ukalainika ukatoka, na chini yake chemba ilikuwa tupu.

Sasa chapa. Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo Stanley anapoanza kupotea.

Kwa umbo bastola hii ni Colt Navy ya 1851, ile iliyo wazi juu, haina daraja la chuma linalopita juu ya silinda. Mtutu una pande 8, tundu lake kama milimita 9, na mtutu mzima umeshikiliwa na kabari moja tu inayopenya kutoka ubavuni. Kiwanda cha Colt cha Marekani kilizitengeneza kuanzia 1850 hadi 1873, nyingi sana, na kwa sababu zilipendwa kila mtu alizinakili. Ndo maana umbo peke yake sio ushahidi. Colt halisi ya Marekani ina maandishi juu ya mtutu, kwa mfano ADDRESS SAML COLT NEW-YORK CITY, na zile za kiwanda chao cha London, kilichofanya kazi 1853 mpaka 1856 tu, zinasema ADDRESS COL. COLT LONDON. Ubavu wa kushoto wa fremu imegongwa COLTS PATENT. Silinda ina picha iliyochorwa kuzunguka, vita vya meli kati ya Texas na Mexico, na tarehe ya 16 Mei 1843 imeandikwa hapo. Na namba: Colt waligonga namba ileile kwenye mtutu, fremu, kilinzi cha triga, mkanda wa kitako, silinda, mpaka kabari. Zikipishana ujue vipande vimehamishwa.

Ya mzee juu ya mtutu ilikuwa na herufi zimefifia vibaya. Na sababu ya kufifia nitaisema, maana iliniuma. Mpwa wake aliona aisaidie, akachukua msasa akaanza kuing'arisha "ipate bei", kasugua upande wote wa kulia na nusu ya juu mpaka chuma kikawa cheupe. Mzee alimsimamisha katikati, sio kwa sababu ya historia, kwa sababu ya kelele. Mungu ni mwema upande wa kushoto ulibaki na ngozi yake ya kahawia iliyoiva. Nikalaza tochi chini kabisa, mwanga ukipita sambamba na chuma na sio kutoka juu, hiyo ndo mbinu, kivuli kinaingia kwenye mikwaruzo na herufi zinainuka zenyewe. Nikasoma COLT, halafu BREVETE. Hakuna New York, hakuna London.

BREVETE ni Kifaransa, maana yake ina patenti, na kwenye Colt hayo ni maandishi ya Ubelgiji. Karakana za mji wa Liège zilinakili Colt kwa maelfu, nyingine kwa kibali cha Colt mwenyewe na ndo hizo ziligongwa COLT BREVETE, nyingine bila kibali wala haya. Lakini maandishi mtu yeyote anaweza kugonga, hata fundi wa hapa. Chapa isiyobishaniwa ni ya majaribio. Liège mtutu na silinda vilipelekwa kwenye nyumba ya majaribio, vinajazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, vinapigwa, na kisichopasuka kinagongwa chapa, kazi yake ni ileile ya mhuri wa bwana afya kwenye nyama ya buchani. Chapa yao ni herufi ELG zikiwa ndani ya duara la mviringo wa yai, na kinyota chini yake. Ilikuwa kwenye silinda, nyuma karibu na vichuchu, ndogo kuliko punje ya mtama, nilitumia ile miwani yangu ya kutengenezea saa.

Na sasa sikiliza. Kuanzia 1893 Wabelgiji waliongeza taji juu ya lile duara. Hii haina taji. Kwa hiyo ni ya kabla ya 1893. Pembeni ya ELG kuna herufi moja peke yake yenye taji dogo juu, hiyo ni alama ya mkaguzi aliyeipitisha, na alama za wakaguzi zilikuwa na taji kuanzia 1853 hadi 1877, baada ya hapo wakaweka nyota badala ya taji. Umeona? Chapa mbili ndogo zisizoonekana kwa macho zimeshakupa miaka 1853 hadi 1877, bila babu wa mtu yeyote kuongea.

Ingekuwa ya Uingereza ningetafuta vitu vingine. Za London chapa zake za majaribio ni GP yenye taji na V yenye taji. Na bastola nyingi za Waingereza wa enzi hiyo, Adams na Tranter hasa, fremu yake imefunga juu ya silinda, ukiishika tu unajua sio Colt. Na kuna kundi la tatu ambalo madalali wanalipenda: nakala za Italia za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, za kuchezea kwenye mashindano na maigizo. Hizo zinatoka Gardone Val Trompia, zina nyota, zina herufi PN, yaani baruti nyeusi kwa Kitaliano, mwaka umeandikwa kwa kificho ndani ya kisanduku kidogo, na nyingi zinasema wazi BLACK POWDER ONLY, yaani baruti nyeusi tu. Wakiifuta hayo maandishi wakaizika kwenye samadi inatoka na kutu mzuri kabisa wa kizee. Usiangalie kutu, angalia ndani ya skrubu na chini ya mdeki, huko watu huwa hawafiki na msasa.

Nilipomwambia mzee ni ya Ubelgiji akafurahi kweli, akasema basi ni ya wale waliotuteka. Ni kweli majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, na Kigoma pia walikaa. Lakini fikiria, 1916 afisa wa Kibelgiji kiunoni ana Browning iliyotengenezwa palepale Herstal jirani na Liège, inayojipakia yenyewe. Aje na bastola ya kumimina baruti ya nini? Mzee akasema labda ile safari ya Karema. Hapo nikanyamaza kidogo maana sio wazo baya, Wabelgiji walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, 1879 na njia yao ilipita hapa. Inawezekana. Ila mimi naona jibu jepesi zaidi linatosha. Smith & Wesson, kiwanda kingine cha Marekani, walishikilia huko kwao haki ya patenti ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, inayokubali risasi ya ganda, mpaka ikaisha 1869, na baada ya hapo viwanda vingine vya Marekani navyo vikahamia kwenye risasi ya ganda. Bastola za fataki zikageuka mitumba ghafla. Mitumba inaenda wapi? Inakuja huku, kupitia Unguja, inapanda bara na misafara pamoja na nguo na shanga. Na kwa mtu wa Unyanyembe bastola ya fataki ilikuwa bora kuliko ya ganda kwa sababu baruti, risasi na fataki zilipatikana hapahapa kwa ajili ya magobore, ganda ungelitoa wapi? Biashara ilinoga kiasi kwamba mkataba wa Brussels wa 1890 ukaja kubana silaha kuingia Afrika.

Hali yake sasa. Kitako ni mbao ya kahawia, kimepasuka kidogo pembeni, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kazi ya mikono yenye subira. Kilinzi cha triga ni cha shaba nyeupe iliyobaki na mabaka ya fedha kwenye kona, zamani kilipakwa fedha chote. Mtutu ndani mifuo, ile mistari ya kuzungusha risasi, bado inaonekana ila kuna vishimo vya kutu, na vishimo vinazidi sana kuzunguka vichuchu. Hilo lina sababu yake: fataki za zamani zilikuwa na potasiamu kloreti, ikilipuka inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, na masika yetu mnayajua. Kwa hiyo vishimo vingi nyuma ya silinda vinakwambia hii ilipigwa, na ilipigwa sana, na hakuna aliyeiosha kwa maji moto baadaye. Bastola iliyokaa sandukuni tu inaota kutu sare mwili mzima.

Nyundo niliivuta taratibu huku nimeizuia na dole gumba, sikuiachia, kuiachia ikagonga kichuchu bila fataki ni kukiponda. Silinda inazunguka, ila kufikia mwisho wa nyundo haijifungi sawasawa, inacheza, kile kipande kinachoingia kwenye pengo la silinda kuishikilia kimelika. Mtutu nao unacheza. Nikaangalia kabari, na hapo nilikaa nayo muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Kabari sio ya Liège. Mtutu, fremu na silinda vina namba moja, ya tarakimu 3, kabari haina namba, haina kile kispringi chake, na imepigwa kwa nyundo na kumaliziwa kwa tupa, unaona mistari ya tupa inakwenda mshazari, mikono ya mtu wa kushoto. Mhunzi wa huku huyo. Halafu kati ya vile vichuchu 6, kimoja ni kirefu na kinene kuliko wenzake, ni kichuchu cha gobore kimekatwa na kuchongewa nyuzi upya ili kiingie kwenye tundu lile dogo. Kuchonga nyuzi za skrubu ndogo vile bila mashine, mimi ninayeshika cherehani kila siku nakwambia sio mchezo. Yaani kuna mtu, hapa Unyanyembe au njiani, alipoteza kabari na kichuchu, na kuna fundi akamrudishia bastola ikalia tena. Vile vishimo vya kutu viko hata kwenye mzizi wa kichuchu kipya, kwa hiyo ilitumika baada ya matengenezo.

Mkusanyaji wa Ulaya ataona vipande viwili visivyo asili na atashusha bei. Mi naona ndo vipande vyenye thamani pekee kwenye hiyo bastola. Colt Brevete zipo nyingi duniani, zenye kabari ya mhunzi wa Kinyamwezi niambie umeziona ngapi. Mpwa alishataka nimchongee kabari mpya "iwe orijino", nikamwambia nikifanya hivyo na mimi nitakuwa msasa wa pili.

Dalali kashasikia habari ya Ubelgiji, na sasa anatembea mjini anasema ni ya Mfalme Leopold.

Tulichofanya ni kidogo tu. Kutu laini nimeitoa kwa kitambaa cha pamba na mafuta ya cherehani, nikaiacha ile ya kahawia iliyoshikana na chuma kwa sababu hiyo ndo ngozi yake na inailinda. Hakuna ndimu, hakuna siki, hakuna soda, hakuna brashi ya waya, na upande uliosuguliwa tumeuacha mweupe hivyohivyo na mafuta juu, kuupaka rangi ni kudanganya mara mbili. Skrubu sikufungua hata moja, mdomo wa mbili umeshaliwa na bisibisi isiyolingana na sitaki kuwa wa tatu kulaumiwa. Ile ala ya ngozi iliyokuja nayo tumeitenga, ngozi kuukuu inashika unyevu na ina asidi, chuma kikilala humo kinaliwa usiku na mchana. Imefungwa kwenye kitambaa cha pamba, ipo juu ya kabati mbali na jiko.

Kwenye karatasi nimeandika chapa zote kama zilivyo na mahali zilipo, hata zile nusu nusu, nimechora ile herufi yenye taji kwa penseli, nimepiga picha za pande zote, na mstari wa kabari na kichuchu nimeuandika peke yake. Hadithi ya Stanley nimeiandika pia, chini kabisa, kama ilivyosimuliwa na mzee, na jina la aliyemsimulia yeye. Nakala moja iko kwa mwenyekiti, nyingine kituoni, ya tatu ndani ya kitambaa na bastola yenyewe. Kuhusu kuipeleka makumbusho Kwihara familia bado wanavutana, shangazi mtu anataka, mpwa hataki, na mzee anasema kwanza wamalize kuvuna mpunga.